Stara Huanzia Mlangoni

Familia nyingi zikipata fedha kidogo za kupambia nyumba, huanza na sebule. Hununuliwa makochi, meza ya kioo na pazia la dirishani, na runinga hutundikwa ukutani. Mlango wa mbele na hatua chache zinazoufuata, yaani pale mgeni anapobisha hodi, anapovua viatu na anapotupa jicho lake la kwanza, huachwa kama vilivyotoka mikononi mwa fundi. Ilhali hapo ndipo zinapokutana haki mbili nzito katika dini yetu: haki ya mgeni ya kupokewa kwa heshima, na haki ya wenye nyumba ya kusitirika. Tunaandika makala haya kwa sababu haki hizo mbili ziligongana mlangoni kwetu, wakati ambao fedha ilikuwa chache na wageni walikuwa wengi.

Sisi ni watoto wanne wa mama mmoja na baba mmoja. Wawili wetu tunaishi Mbesa, wilayani Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Mmoja yuko Songea na mwingine Dar es Salaam. Baba yetu alifariki dunia mwanzoni mwa mwezi wa Septemba, korosho zikiwa bado juu ya miti. Mkulima wa huku anaelewa maana ya maneno hayo. Korosho haijaokotwa, haijafikishwa ghalani, haijapigwa mnada, na kwa hiyo nyumba haina fedha. Mama akaingia eda ya miezi minne na siku kumi, kama ilivyowekwa katika Suratul Baqara, aya ya 234.

Nyumba yetu ni ya kawaida kwa kijiji hiki. Ina matofali ya kuchoma, paa la bati, ukumbi mwembamba katikati, chumba kushoto na chumba kulia, na mlango wa nyuma unaotokea uani, kwenye jiko na choo. Milango miwili, wa mbele na wa nyuma, inatazamana. Mtu akisimama njiani na milango ikiwa wazi, jicho lake linapita moja kwa moja kama mshale hadi uani. Siku za kawaida hatukuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Lakini sasa wageni wa taazia walikuwa wakifika tangu asubuhi hadi baada ya Isha, wanaume na wanawake, na Mama kila alipotoka chumbani kwenda kutawadha alikatiza ukumbi ule mbele ya macho ya kila aliyesimama mlangoni. Akaanza kupunguza kunywa maji ili asilazimike kutoka. Tulipoligundua hilo, tuliona kuwa suala la mlango haliwezi kungoja msimu.

Tukakaa kikao cha nyumba. Kwa sisi Wayao, mjomba si mtu wa pembeni katika mashauri ya nyumba ya dada yake, na mjomba wetu ndiye aliyefungua mazungumzo. Alisema, “Marehemu alikuwa mtu wa watu. Wageni watoke Songea na Dar es Salaam, waje wakalishwe juu ya ndoo zilizopinduliwa? Hiyo ni aibu yetu sote.” Alipendekeza makochi. Na kwa kuwa fedha haikuwapo, alikuwa amekwisha kuzungumza na mkopeshaji mmoja, wa mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu, marejesho yake kila wiki na nyongeza juu yake.

Mama alikuwa amekaa nasi, kwa kuwa kaka yake ni maharimu wake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kaka, heshima ya mume wangu naitaka kuliko ninavyoitaka ya kwangu. Lakini ameondoka na deni la salfa ya mikorosho, na korosho za kulilipa hazijaanguka. Leo tukiweka deni la makochi juu ya deni lake, nitakuwa ninawakalisha wageni juu ya nini? Mimi ninataka kitu kimoja tu. Nitoke chumbani niende nikatawadhe bila njia nzima kunitazama.”

Mjomba alinyamaza, kwa maana hakuna aliyekuwa hajui uzito wa deni la maiti. Mtume (s.a.w.) alihimiza mno lilipwe, akatufundisha kuwa nafsi ya muumini inabaki imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Riba nayo haina mjadala. Tukahesabu tulichonacho. Mchango wa sisi watoto wanne, baada ya gharama za maziko, ulikuwa umebaki Sh. 85,000. Tukaazimia kuwa kazi yote ya mlango itafanywa ndani ya fedha hiyo, na kwamba kila kitu kitakachowekwa pale kitapimwa kwa swali moja: kinamsaidia mgeni au kinamsitiri mwenye nyumba? Kisichofanya mojawapo, hakinunuliwi.

Kabla ya kwenda sokoni tulirejea mafunzo ya dini, nayo yakatupa ramani ya kazi. Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, zinatukataza kuingia nyumba za wenzetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi bila kinyongo. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa ruhusa hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho, yaani ili mtu asione ndani kabla ya wakati. Imepokewa pia kuwa yeye mwenyewe alipofika kwenye mlango wa watu hakuukabili kwa uso, bali alisimama upande wa kulia au wa kushoto na kutoa salamu, kwa kuwa nyumba za siku zile hazikuwa na mapazia.

Tulilitafakari sana jambo hilo. Mgeni mwenye adabu husimama ubavuni mwa mlango. Lakini mlangoni kwetu, je, mgeni alikuwa na pa kusimama ubavuni? Upande mmoja palikuwa na rundo la kuni, upande wa pili shimo lililochimbwa na maji ya paani. Mahali pekee palipofaa kukanyagwa palikuwa mbele ya mlango, uso kwa uso na ukumbi. Nyumba yetu yenyewe ilikuwa ikimnyima mgeni nafasi ya kufuata sunna.

Wazee wa pwani walilielewa jambo hili tangu zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, kibaraza chenye viti vya kujengea pande mbili, na akikaribishwa ndani njia hupinda kabla ya kufika uani, hivi kwamba mpita njia haoni kitu hata mlango ukiwa wazi. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, baraza za mawe zimejengwa kufuata kuta za mbele, na hapo wanaume huketi wakanywa kahawa bila kuisumbua nyumba. Sisi Wayao, ambao babu zetu walipiga misafara kwenda Kilwa na kurudi, tulileta bara si bidhaa tu bali na adabu za nyumba. Mwaka 1866, David Livingstone alipofika Mwembe, mji wa chifu wa Kiyao Mataka, ng’ambo ya Mto Ruvuma, aliingojea ruhusa barazani, kwenye nyumba kubwa ya pembe nne ya chifu huyo, mpaka mwenyeji alipotokea. Kwa hiyo baraza si anasa mpya kwetu. Tulikuwa tumeiacha tu katika kufuata ramani za mafundi wa siku hizi.

Kazi tuliianza nje. Nyuma ya nyumba palikuwa na matofali ambayo Baba aliyachoma kwa ajili ya kuongeza chumba cha tatu. Mama alituzuia kuyagusa mpaka alipomuuliza kila mrithi, pamoja na ndugu yetu wa Dar es Salaam kwa simu, kwa kuwa mali ya marehemu ni ya warithi wote baada ya madeni na wasia. Deni la salfa lilikuwa na korosho za kutosha kulilipa, na sote ni watu wazima, tukaridhia. Angekuwapo mtoto mdogo miongoni mwetu, tusingeweza kuitoa sehemu yake kwa maneno yetu.

Tulitumia matofali takriban mia moja. Tukaifukia ile korongo ya maji, tukajenga baraza ubavuni mwa mlango, upande wa kulia, chini ya upenu wa bati ili mvua isiifikie. Urefu wake ni mita moja na nusu, na kimo chake kozi tano, kiasi cha sentimeta 45, ambacho mzee anaweza kukaa na kuinuka bila kushikwa mkono. Hatukununua saruji. Tulitumia udongo wa kichuguu, uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga, kwa kuungia na kwa kusiriba. Udongo huo hushika vizuri ukiwa mahali pakavu, na nyufa zikitokea huzibwa kila kiangazi. Aliyeuleta udongo ni Mjomba. Alikuja siku ya pili yake na jembe na toroli, hakusema neno juu ya makochi, akafanya kazi mpaka Adhuhuri. Juu yake tukapaka chokaa ya Sh. 3,000. Anayeketi hapo anatazama njia na mikorosho, mgongo wake uko ukutani, na mlango uko pembeni yake.

Ndani tulitengeneza kiambaza cha mianzi. Mianzi tuliikata wenyewe, na tulichokilipia ni bodaboda ya kuisafirisha tu, Sh. 6,000. Mianzi mibichi huliwa na dumuzi kwa sababu ya utamu uliomo ndani yake, hivyo wazee hushauri ikatwe kiangazi na ilowekwe majini wiki kadhaa, kisha ianikwe kivulini. Sisi wakati haukuturuhusu kungoja, tukailoweka siku nane na kuipaka miguu oili chafu ya gereji. Tukaunda fremu ya mita 1.8 kwenda juu na mita 1.2 upana, tukaifunika kwa mkeka wa ukindu. Kiambaza hiki kimesimama hatua mbili kutoka mlangoni, kikiacha njia upande wa kulia. Anayeingia hukutana nacho, akapinda, ndipo auone ukumbi.

Tunapenda wasomaji wazingatie jambo moja hapa. Tulikipa miguu, hatukukikaza ukutani. Mlango ni njia ya furaha na ya msiba. Ndiyo njia ya kumtolea mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na ndiyo njia ya jeneza. Siku ya kufa Baba tuliuona ufinyu wa ukumbi ule. Kwa hiyo kitu chochote kinachowekwa mlangoni kiwe ni cha kuondolewa na watu wawili mara moja.

Pazia likafuata, mita tatu za kitambaa kwa Sh. 12,000 na ushonaji Sh. 3,000. Tulichagua kitambaa kizito, kisicho na picha za viumbe, tukikumbuka habari ya Bibi Aisha (r.a.) na pazia lenye picha ambalo Mtume (s.a.w.) hakulipenda, naye akalikata na kulifanya mito. Tulilishona liishie sentimeta kumi juu ya sakafu, lisiburute tope. Kisha tukafanya jaribio ambalo tunawashauri wote walifanye. Usiku tuliwasha taa ndani, mmoja wetu akasimama njiani. Pazia ambalo mchana ni ukuta, usiku huweza kuwa kioo, na kivuli cha mtu kikaonekana chote. La kwetu lilifaulu.

Vilivyobaki ni vya mgeni. Mabanzi ya Sh. 10,000 na misumari ya Sh. 3,000 vilitupatia benchi dogo la wanawake ndani ya kiambaza, na rafu ya viatu yenye ngazi mbili. Wanaoifahamu Tunduru wanajua vumbi letu jekundu la kiangazi na tope lake la masika. Viatu vikitapakaa kizingitini, huchafua mkeka na humkwaza mzee. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na njia ya kwanza ya Muislamu ni ya mlangoni mwake. Ndoo yenye koki ya Sh. 14,000 tuliiweka pembeni mwa baraza pamoja na beseni la zamani, mgeni anawe miguu na mikono. Ndoo hiyo ina mfuniko, na kila jioni hufunikwa kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, kama tulivyofundishwa kuhusu vyombo vya maji. Mkeka wa pili, wa kutandikia wageni, uliungana na ule wa kiambaza kufanya Sh. 24,000.

Jumla ikawa Sh. 75,000. Zilizobaki 10,000 zilinunua sukari na majani ya chai. Taa ya sola ya barazani hatukuipata mpaka msimu ulipoisha. Ukuta wa ukumbi hatukuupamba kwa chochote, nasi tukajifariji kwa mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba hatukuamrishwa kuyavika nguo mawe na udongo. Yeye ndiye pia aliyebainisha kuwa tandiko moja ni la mume, la pili la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la Shetani. Mgeni ana fungu lake katika samani za nyumba, lakini fungu hilo lina mpaka.

Manufaa ya kazi ile tuliyaona katikati ya mwezi wa Novemba. Alikuja mzee mmoja wa kijijini akiwa amebeba mashine ya kupulizia salfa. Akasema marehemu alimwazima kila msimu kwa miaka mingi, bila malipo, na kwamba ameirudisha kwa kuwa sasa ni amana ya warithi. Aliketi barazani. Baadhi ya watu huamini kuwa mwanamke mwenye eda haruhusiwi kabisa kusikika na mwanamume. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa ametueleza kuwa hakuna katazo hilo, maadamu ipo haja na adabu imechungwa. Basi Mama akaja, akaketi kwenye benchi nyuma ya kiambaza, wakajuliana hali. Yule mzee akaanza kusimulia mambo ambayo hata sisi watoto hatukuyajua: miti aliyopuliziwa na Baba wakati yeye anaumwa, na shamba la mjane mmoja ambalo Baba alilihudumia kimyakimya. Mama alilia. Alilia kwa muda mrefu, na mgeni hakumwona, wala hakujua, akaendelea kuzungumza huku akitazama njia. Hakuna kochi ambalo lingempa Mama faragha ile.

Fedha za korosho zilipoingia, salfa ililipwa kwanza. Eda ilikwisha katikati ya Januari, mvua zikiwa zimekolea. Tulimuuliza Mama kama kiambaza kiondolewe. Alisema kibaki, kwa sababu amezoea kutembea ndani ya nyumba yake bila kujifunika haraka haraka kila anaposikia nyayo.

Ndugu yetu wa Dar es Salaam anaishi nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, na mlango wake hufungukia moja kwa moja sebuleni. Hana baraza, na korido ya nje ni haki ya majirani wote. Haifai kuibana kwa rafu za viatu wala ndoo, kwani ngazi ndiyo njia ya wote siku ya moto. Aliporejea kutoka Mbesa alifanya kwa kadiri yake. Kabati la vitabu alilokuwa nalo alilihamisha, akalisimamisha ubavu kwa mlango mithili ya kiambaza. Akatundika pazia kwenye waya, akaweka kigoda kimoja cha kuvulia viatu na rafu fupi iliyotokana na mbao za kreti. Anatuambia kuwa mkewe sasa hufungua mlango bila kwanza kukimbilia mtandio, kwa kuwa anayebisha haoni ndani. Watoto nao wamefundishwa wasifungue mlango mpaka salamu itolewe na mbishaji ajitambulishe.

Tunawausia ndugu zetu, hasa vijana wanaoanza maisha katika chumba kimoja au viwili, kabla ya kukopa kwa ajili ya sebule wakasimame nje ya mlango wao wenyewe. Watazame jicho linafika wapi. Waangalie kama mzee ana pa kukaa, kama mgeni ana pa kuweka viatu, na kama mama au dada aliyemo ndani anaweza kwenda kutawadha kwa utulivu. Wahesabu walichonacho, waanze na stara, wafuatishe haja ya mgeni, na pambo lingoje msimu wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na maiti wote wa Kiislamu, azifanye nyumba zetu kuwa maskani ya utulivu na stara, atuepushe na madeni yanayotushinda na riba inayofuta baraka, na atujaalie milango yetu iwe ya kufunguliwa kwa salamu. Amin.